Kaunsili na ulinzi wa watoto na watu wazima walio hatarini England: maswali ambayo Waswahili wenzangu huniuliza

Kwa miaka mingi nimekuwa mkalimani wa Kiswahili katika vikao vya kaunsili, yaani halmashauri, hapa England. Nimekaa jikoni mwa watu, shuleni, wodini na kwenye korido za mahakama. Ndani ya kikao kazi yangu ni kutafsiri tu, kushauri siruhusiwi. Lakini nikitoka, msikitini, kanisani, kwenye matanga na harusi, watu hunivuta kando na kuniuliza maswali yale yale, tena kwa hofu ile ile. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Yanahusu England. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zake. Visa ninavyovisimulia nimebadilisha mambo madogo madogo ili mtu asijulikane.

Kaunsili si ya takataka na kodi? Inahusikaje na wanangu?

Nyumbani tumezoea kwamba mambo ya watoto yakiharibika unakwenda kwa mjumbe, kwa chifu, au kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Hapa mzigo huo umewekwa kisheria mabegani mwa kaunsili. Sheria ya Watoto ya 1989 inaitaka ifanye mambo mawili makubwa. Kifungu cha 17 kinaitaka imsaidie mtoto mwenye uhitaji aliye katika eneo lake, akae na familia yake kila inapowezekana. Kifungu cha 47 kinaitaka ichunguze pale inapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto anapata madhara makubwa au yuko hatarini kuyapata. Kwa watu wazima kuna Sheria ya Utunzaji ya 2014, nitaifikia huko chini.

Angalia jambo moja. Sehemu nyingine zina kaunsili mbili: ya wilaya inayozoa taka, na ya kaunti inayoshughulikia watoto na wazee. Ukipiga simu kwa ile isiyohusika hujakosea, watakuelekeza. Kwa jumla kaunsili zenye jukumu hili England nzima ni zaidi ya 150.

Ndani ya kaunsili, ni nani hasa anayewajibika?

Yule afisa ustawi anayebisha hodi kwako ni mtu wa chini kabisa katika ngazi ndefu. Juu yake yuko msimamizi, na juu kabisa yuko mkurugenzi wa huduma za watoto. Sheria ya Watoto ya 2004 inaitaka kila kaunsili imteue, na imteue pia diwani mmoja wa kubeba dhamana hiyo kisiasa. Kwa watu wazima kuna mkurugenzi wake.

Tena kaunsili haifanyi kazi peke yake. Tangu Sheria ya Watoto na Ustawi wa Jamii ya 2017, washirika wakuu wa ulinzi wa watoto katika kila eneo ni watatu: kaunsili, polisi na bodi ya afya ya eneo hilo. Ndiyo maana ukimwambia nesi jambo zito leo, usishangae afisa ustawi analijua kesho.

Ni kweli wanaweza kuja kumchukua mtoto siku hiyo hiyo?

Hili ndilo swali linalowanyima watu usingizi, na ndilo linalowafanya wafiche mambo ambayo wangesaidiwa mapema. Nitalijibu kwa kirefu.

Afisa ustawi hana mamlaka ya kuingia nyumbani kwako na kuondoka na mtoto kwa uamuzi wake mwenyewe. Hana. Njia za mtoto kuondolewa ni hizi. Polisi, wakiona hatari ya wazi, wanaweza kumweka mahali salama kwa muda usiozidi saa 72. Mahakama inaweza kutoa amri ya dharura ya siku 8 kwa upeo, na ikaiongeza mara moja tu kwa siku 7. Mahakama inaweza pia kutoa amri ya malezi, ya muda au kamili, baada ya kusikiliza ushahidi. Njia ya mwisho ni wewe mwenyewe kukubali.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza watu wetu. Inaitwa makubaliano ya kifungu cha 20. Mzazi anaombwa akubali mtoto akae kwingine “kwa muda”. Ni njia halali, na mara nyingine ni nzuri sana, mathalani mama anapolazwa na hana ndugu. Lakini ni hiari. Mzazi mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mtoto anaweza kukataa, na hata akishakubali anaweza kumchukua mtoto wake wakati wowote. Bila shaka, kaunsili ikiona ni hatari inaweza kwenda mahakamani. Usiweke sahihi kwenye karatasi ambayo hujatafsiriwa yote, neno kwa neno. Una haki ya kusema, “Nataka kuongea na wakili kwanza.” Kusema hivyo si utovu wa adabu, wala hakuna atakayekuandika kuwa mkorofi kwa sababu hiyo.

Kesi ikifika mahakamani, wakili wa mzazi analipwa na serikali, hata kama mzazi ana mshahara mzuri. Vivyo hivyo ukipata barua ya kaunsili ya kukuonya kwamba inafikiria kwenda mahakamani. Ipeleke kwa wakili siku hiyo hiyo. Mtoto naye anawekewa mwakilishi wake, na mahakama inatarajiwa kumaliza ndani ya wiki 26.

Shule imeniambia imetoa taarifa kwa kaunsili. Nini kinafuata?

Ndani ya siku moja ya kazi kaunsili inapaswa kuamua ichukue hatua gani. Taarifa nyingi huishia hapo au kwenye msaada mdogo wa familia. Wakiona haja ya tathmini, ina ukomo wa siku 45 za kazi. Wakiona kuna hatari kubwa, kaunsili, polisi na watu wa afya wanashauriana, na uchunguzi wa kifungu cha 47 unaanza. Uchunguzi huo ukithibitisha wasiwasi wao, kikao cha ulinzi wa mtoto kinaitishwa ndani ya siku 15 za kazi tangu mashauriano yale.

Usikasirikie shule. Mwalimu aliyeona jambo hana uhuru wa kunyamaza kwa kukuonea haya, hata kama anakupenda.

Hicho kikao kikoje? Niende?

Nenda, wala usichelewe. Utakuta meza kubwa: mwenyekiti ambaye si msimamizi wa kesi yako, afisa ustawi, mwalimu, nesi, pengine polisi. Wanajadili kama mtoto awekewe mpango wa ulinzi, na kwa sababu ipi kati ya nne: kupuuzwa, kupigwa, unyanyasaji wa kingono, au kuumizwa moyo na akili. Mpango ukiwekwa, kikao cha kuupitia kinafanyika ndani ya miezi 3, kisha angalau kila miezi 6. Mpango huu haumwondoi mtoto nyumbani. Unasema nani atafanya nini, na wewe ukiwemo.

Kabla ya kikao unapaswa kupewa ripoti ya afisa ustawi. Nakumbuka mama mmoja wa kutoka Tanga aliyeletewa ripoti ya kurasa kumi na nne. Tulikaa kwenye chumba kidogo cha pembeni, mimi nikimtafsiria, yeye ameshika pindo la mtandio wake. Kila nilipomaliza aya alisema, “Haya.” Afisa ustawi akaandika kwenye daftari kwamba mama amekubali yote. Ikabidi niombe ruhusa ya kusimama nje ya tafsiri kidogo, jambo linaloruhusiwa pale maana inapopotea, nikaeleza kwamba “haya” ile ni ya mtu anayesikiliza, si ya mtu anayekubali. Alipoulizwa upya, aya kwa aya, mama alikuwa na masahihisho sita. Mawili yalikuwa makubwa. Tarehe moja iliyodaiwa kuwa alimwacha mtoto peke yake, yeye alikuwa wodini, na karatasi ya hospitali ilikuwa kwenye mkoba wake.

Kwa hiyo ndugu yangu, mbele ya meza ile weka kando “haya”, “sawa” na “ndiyo” za adabu. Sema “nimeelewa lakini sikubali”, au “nimeelewa na nakubali”. Na mtoto wako akiinamisha macho anapoulizwa na mtu mzima, waeleze kwamba kwetu hiyo ni heshima. Nimeona ikiandikwa kuwa ni woga.

Mkalimani analipwa na nani? Mwanangu si anajua Kiingereza?

Analipwa na kaunsili. Wewe hulipi hata senti. Na mtoto asikutafsirie kamwe, wala shemeji, wala jirani. Mtoto hawezi kubeba maneno yanayomhusu mwenyewe, na shemeji huenda ndiye tatizo. Ukipewa mkalimani unayefahamiana naye au ambaye humwelewi (Kiswahili cha Lubumbashi na cha Unguja si kitu kimoja), sema na uombe mwingine.

Naweza kumchapa mwanangu?

Katika Scotland hapana, tangu Novemba 2020. Wales hapana, tangu Machi 2022. Hapa England sheria bado inampa mzazi utetezi wa “adhabu ya kiasi”, lakini utetezi huo ni mwembamba mno. Ukimpiga akabaki na alama, umetoka nje yake na inaweza kuwa kesi ya jinai. Mkanda, kamba ya umeme, mwiko, kandambili, hivyo vyote nimevisikia vikisomwa kwenye ripoti kama silaha.

Mimi nilichapwa, na huenda nawe ulichapwa. Sitakuambia kwamba wazazi wetu hawakutupenda. Lakini nimewasikia watoto wakisimulia kwa sauti ndogo jinsi wanavyohesabu ngazi baba anapopanda, na tangu hapo sina tena hamu ya kulitetea jambo hili.

Mtoto wangu mchanga ana madoa ya buluu matakoni na mgongoni. Wataniambia nimempiga?

Ni madoa ya kuzaliwa, ya kawaida kwa watoto weusi na wenye asili ya Asia. Mwonyeshe mkunga au nesi anayetembelea nyumbani, yaandikwe kwenye kile kitabu chekundu cha afya ya mtoto mapema. Chale za dawa nazo, kama mtoto alichanjwa nyumbani, ziseme mwenyewe kabla hazijagunduliwa.

Nakaa na mtoto wa ndugu yangu. Yanawahusu nini?

Hapa lugha yetu inatuponza kuliko mahali pengine popote.

Kwetu mtoto wa dada yangu ni mwanangu. Mtoto wa binamu yangu ni mwanangu. Mtoto wa rafiki yangu wa shule, aliyeniachia kwa nia njema, naye ni mwanangu. Afisa anauliza, “Huyu ni mwanao?” Mama anajibu “ndiyo” bila chembe ya uongo moyoni. Kesho pasipoti inaonyesha jina lingine, na faili inaandikwa kwamba mama alidanganya.

Sheria hapa ina mduara mdogo wa jamaa: babu na bibi, kaka na dada, mjomba, ami, shangazi na mama mdogo au mkubwa, pamoja na mzazi wa kambo. Tena mama mdogo maana yake ni dada hasa wa mama mzazi, si binamu yake. Mtoto wa chini ya miaka 16 (au 18 kama ana ulemavu) akikaa na mtu wa nje ya mduara huo kwa siku 28 au zaidi, kaunsili lazima iarifiwe. Iarifiwe wiki 6 kabla, au mara moja kama muda ni mfupi, au ndani ya saa 48 kama mtoto ameshafika. Kukaa kimya ni kosa la jinai. Ukiarifu, afisa anakuja ndani ya siku 7 za kazi, anaongea na mtoto, kisha anarudi angalau kila wiki 6 kwa mwaka wa kwanza, na kila wiki 12 baadaye. Haji kumnyang'anya. Anakuja kuona kama analala vizuri, anasoma, na ana mtu wa kumwambia shida zake.

Sababu ya ukali huu ina jina. Victoria Climbié alizaliwa Côte d'Ivoire. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake aliyeahidi kumsomesha Ulaya. Alifika London mwaka 1999 kwa pasipoti yenye jina lisilo lake, na tarehe 25 Februari 2000 akafa, ana miaka 8, baada ya mateso ya miezi mingi mikononi mwa mwanamke yule na mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Kaunsili, hospitali na polisi wote walikuwa wamemwona. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotolewa Januari 2003, ulihesabu nafasi 12 ambazo mtoto yule angeweza kuokolewa, ukatoa mapendekezo 108. Mojawapo ni kwamba mtoto ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza aongee kupitia mkalimani. Kila ninapoketi mbele ya mtoto aliyeletwa “kusoma”, namkumbuka.

Ninafundisha madrasa. Kaunsili ina mamlaka juu yetu?

Kwenye mtaala wenu, hapana. Kwenye usalama wa watoto, ndiyo. Kila kaunsili ina afisa maalumu, anayeitwa LADO, wa kushughulikia tuhuma dhidi ya yeyote anayefanya kazi na watoto, kwa malipo au kwa kujitolea: ustadhi, mwalimu wa kwaya, kocha wa mpira. Tuhuma ikiwafikia, mwarifuni ndani ya siku moja ya kazi. Msimwite mtuhumiwa kwanza “tuyamalize wenyewe”. Hapo ushahidi unapotea na mtoto anatishwa. Na tangu 2022 sheria inamkataza kiongozi wa dini au kocha kuwa na uhusiano wa kingono na kijana wa miaka 16 au 17 aliye chini ya uangalizi wake, hata huyo kijana akisema ameridhia.

Nawaomba kamati za misikiti na makanisa mlichukulie hili kama mnavyochukulia hesabu za sadaka. Andikeni jina na simu ya LADO wenu, mbandike ukutani.

Na ukeketaji? Na kumwoza binti mapema nyumbani?

Vyote ni makosa ya jinai, hata vikifanyika nje ya nchi. Tangu tarehe 31 Oktoba 2015 daktari, nesi, mwalimu au afisa ustawi akijua kwamba msichana wa chini ya miaka 18 amekeketwa, analazimika kuwaarifu polisi. Umri wa kuoa na kuolewa umekuwa 18 tangu Februari 2023, bila kuacha mlango wa ruhusa ya wazazi, na kupanga nikaha au sherehe ya kimila ya mtoto kunahesabiwa vilevile.

Mchungaji amesema mtoto ana pepo. Tukimwombea tu?

Kuombea hakuna aliyekukataza. Kumfunga, kumnyima chakula, kumpiga, kumtia pilipili au kumwita mchawi mbele ya wenzake ni ukatili, na kaunsili itaushughulikia hivyo. Mwaka 2010, siku ya Krismasi, kijana wa miaka 15 mwenye asili ya Kongo, Kristy Bamu, aliuawa mashariki mwa London na dada yake na mchumba wa dada huyo waliodai ni mchawi. Mtoto anayekojoa kitandani au anayeongea usingizini anahitaji daktari.

Sina karatasi za ukaazi. Nikiomba msaada kwa ajili ya mtoto si nitakuwa nimejichoma?

Msaada wa kifungu cha 17 unatazama uhitaji wa mtoto, na hauhesabiwi miongoni mwa fedha za umma ambazo viza yako imekukataza. Hata hivyo kaunsili itauliza hali yako ya uhamiaji na inaweza kuwasiliana na Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa hiyo tafuta ushauri wa sheria za uhamiaji, wa bure kama upo karibu nawe, kabla ya kwenda. Mtoto akiwa na njaa leo au mama akiwa anapigwa leo, nenda leo.

Sasa watu wazima. “Mtu mzima aliye hatarini” ni nani?

Zamani waliitwa watu dhaifu, lakini neno hilo linaweka lawama kwa mtu badala ya hatari. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Utunzaji ya 2014 kina mambo matatu: mtu wa miaka 18 au zaidi mwenye uhitaji wa kutunzwa, awe anapata huduma ya kaunsili au hapati, anayenyanyaswa au kupuuzwa, au aliye hatarini, na ambaye kwa sababu ya uhitaji huo hawezi kujilinda. Yakitimia yote, kaunsili lazima ichunguze au ihakikishe mwingine anachunguza. Unyanyasaji si kipigo tu. Ni pamoja na kumlia mzee pensheni yake, kumtisha, kumfanyisha kazi za kitumwa, na hata hali ya mtu kujitupa asijioge wala kula.

Juu ya kazi hiyo kuna bodi ya ulinzi wa watu wazima katika kila eneo. Mtu akifa au akiumia vibaya na ikadhaniwa mashirika yangeweza kushirikiana vizuri zaidi, bodi inatakiwa kufanya mapitio ya kilichotokea.

Mama yangu ni mzee, anaonewa na mjukuu wake, lakini hataki msaada. Kaunsili itamlazimisha?

Hapa ndipo watu wazima wanapotofautiana na watoto. Mtu mzima anaulizwa kwanza: wewe unataka nini kitokee? Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005 inaanza kwa kudhani kwamba kila mtu ana uwezo wa kuamua mambo yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kufanya uamuzi ambao wengine wanauona si wa busara hakumfanyi mtu asiwe na akili timamu.

Nilitafsiri kwa bibi mmoja ambaye kadi yake ya benki ilikuwa inakaa kwa mjukuu. Watoto wake walitaka polisi. Bibi aliombwa aongee akiwa peke yake, wakatoka wote. Akanyamaza kitambo, akisugua kidole kwenye kitambaa cha meza, kisha akasema, “Sitaki afungwe. Nataka kadi yangu, na nataka aendelee kuja Jumapili.” Ndivyo mpango ulivyoandikwa. Kadi ikarudi, benki ikaarifiwa, afisa akawa anampigia simu, na Jumapili zikabaki. Wanawe hawakufurahi. Kwangu mimi ile ilikuwa kazi ya ulinzi iliyofanywa vizuri kuliko nyingi nilizoziona.

Kuna mipaka. Ikiwa amepoteza uwezo wa kuamua jambo husika, labda kwa ugonjwa wa kusahau, uamuzi unafanywa kwa maslahi yake. Ikiwa anatishwa, au kuna wengine walio hatarini, kaunsili inaweza kuchukua hatua bila ridhaa yake. Na kama anapata shida kubwa kufuatilia mambo na hana mtu anayefaa wa kumsaidia, kaunsili lazima impatie mtetezi huru, bila malipo.

Nafanya kazi ya kea, yaani kutunza wazee na wagonjwa. Nimeona kitu kibaya kazini, lakini mwajiri ndiye mdhamini wa viza yangu.

Swali hili naulizwa mara nyingi zaidi miaka hii, na naliheshimu, maana wanaoliuliza wana watoto wa kulisha hapa na wazazi wa kuwatumia pesa nyumbani.

Andika kwanza: tarehe, saa, chumba, ulichoona kwa macho yako, maneno yaliyosemwa. Usiandike unachodhani. Mwarifu meneja kwa maandishi. Meneja asipojali, au akiwa ndiye mhusika, pigia dawati la ulinzi wa watu wazima la kaunsili ya eneo kituo kilipo, au CQC, yaani tume inayokagua huduma za afya na utunzaji, kwa 03000 616161. Unaweza kuomba jina lako lisitajwe. Sheria inamlinda mfanyakazi anayefichua maovu, ingawa sitakudanganya kwamba ulinzi huo unaondoa hofu. Na kama wewe mwenyewe ndiye unayenyimwa mshahara au pasipoti, huo nao ni unyanyasaji unaoweza kuripotiwa.

Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ilionyesha wagonjwa wenye ulemavu wa akili wakipigwa na kudhalilishwa Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol. Watumishi 11 walitiwa hatiani. Kabla ya kamera, nesi mmoja alikuwa ameshatoa taarifa, isisikilizwe. Kwa hiyo ukipuuzwa mara ya kwanza, peleka kwa wa pili, na wa tatu.

Na kaunsili yenyewe ikizembea, nani anaisimamia?

Huduma za watoto hukaguliwa na Ofsted, ofisi ya serikali ya ukaguzi, na ripoti zake ziko wazi mtandaoni. Andika jina la kaunsili yako uone imepewa daraja gani. Huduma za watu wazima zilianza kutathminiwa na CQC mwaka 2023. Madiwani nao wana kamati ya kuwahoji wakurugenzi hadharani, na mwananchi yeyote anaweza kwenda kusikiliza. Waswahili tunajaa kwenye mikutano ya vyama vyetu lakini kwenye vikao hivi sijawahi kukutana na mwenzangu asiyelipwa kuwapo.

Mfano mchungu ni Rotherham. Ripoti ya Profesa Alexis Jay ya Agosti 2014 ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walinyanyaswa kingono mjini humo kati ya 1997 na 2013, huku kaunsili na polisi wakiwa na taarifa. Mwaka 2015 serikali kuu ilipeleka makamishna kuiendesha kaunsili.

Nikitaka kulalamika?

Anza kwa kaunsili yenyewe, kwa maandishi, ndani ya miezi 12. Malalamiko ya huduma za watoto kwa kawaida yana ngazi tatu: majibu ya idara, uchunguzi unaohusisha mtu huru, kisha jopo. Usiporidhika, kuna Ombudsman (mchunguzi huru wa malalamiko) wa serikali za mitaa na ustawi wa jamii, bila malipo. Huyo hagusi uamuzi wa mahakama.

Nikipiga simu, niseme nini?

Kama kuna hatari sasa hivi, piga 999. Kama si ya dakika hiyo, piga namba ya kaunsili na useme maneno haya: “Swahili interpreter, please.” Kisha subiri kwenye simu, hata ikichukua dakika kumi. Kwa ushauri juu ya mtoto unayemhofia kuna NSPCC, shirika la hisani la kulinda watoto, 0808 800 5000. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 0800 1111 bila malipo, na mfundishe namba hiyo hata kama nyumba yako ina amani.

Mkalimani akiingia kwenye laini, eleza ulichokiona, lini, na mtoto au mzee huyo yuko wapi saa hii. Huhitaji kuwa na uhakika wala ushahidi. Uliza jina la anayekuhudumia, uliandike. Kama baada ya siku tatu hujasikia kitu, piga tena ulitaje jina hilo.